Watu wenye mikono mfukoni: shajara ya kujifunza kuchora vichwa na mikono

5 Januari

Leo nimefungua madaftari yangu ya kuchorea, mengine ya tangu sekondari, nikakaa kuhesabu. Watu niliowachora ni arobaini na mmoja. Ambao mikono yao inaonekana ni sita, na kati ya hao sita wanne wamekunja ngumi. Waliobaki wametia mikono mfukoni, au wameificha mgongoni, au mchoro umeishia kiunoni kwa bahati nzuri kabisa. Bibi alipita nyuma yangu, mimi mjukuu wake, akachungulia, akauliza, "Mume wangu, hawa wote wanaona baridi?" Tanga hii, mwezi wa kwanza, jua la kuanikia papa.

Nikacheka, lakini ameniweza.

Kwa hiyo mradi wa mwaka huu nimeshaupata: vichwa na mikono, kwa kitabu, bila kuruka kurasa. Kitabu chenyewe ni cha Andrew Loomis, kile cha vichwa na mikono kilichotoka mwaka 1956. Shemeji alikuja nacho kutoka Muscat mwaka juzi, amekiviringisha ndani ya kanzu mbili kama mtoto mchanga, na tangu siku hiyo kiko juu ya kabati kinakula vumbi. Loomis alikuwa mchoraji wa matangazo na magazeti huko Chicago, na alifundisha pia. Cha pili ni cha George Bridgman, mikono mia moja, cha mwaka 1920. Hicho ninacho cha mitumba, jalada limeshakatika.

Mimi nafanya kazi steshenari, Ngamiani. Kopi, kuprinti, laminesheni, picha za paspoti. Wiki za fomu za shule natazama nyuso thelathini kwa siku, zote zimenikabili, hakuna hata moja inayocheka. Ungedhani mtu wa kazi hiyo anajua kichwa kilivyo. Vichwa vyangu ni sahani zenye macho.

Vifaa: penseli tatu (HB, 2B, na 6B iliyo laini na nyeusi kuliko zote), raba, wembe wa kuchongea, na karatasi za kopi zilizoharibika upande mmoja, ambazo kazini kwetu haziishi. Saa moja kila siku baada ya isha. Mwisho wa Aprili nataka mtu mmoja ambaye hajatia mkono mfukoni.

9 Januari

Loomis haanzi na jicho wala pua. Anaanza na mpira. Unachora mpira, unaukata kipande huku na kipande huku, kwa sababu kichwa cha mtu si mviringo kamili, kwenye panja kimebanwa. Mstari unaozunguka katikati ya mpira ndio nyusi. Mwingine unashuka wima katikati ya uso. Kutoka kwenye nyusi unapima kwenda juu hadi nywele zinapoanzia. Kipimo hichohicho unakishusha hadi mwisho wa pua, na tena hadi kidevuni. Sehemu tatu sawasawa. Sikio linakaa kati ya usawa wa nyusi na usawa wa mwisho wa pua, nyuma ya mstari wa wima unaogawa lile duara la ubavuni.

Kwa kusoma nilielewa. Mkono ndio haukuelewa. Kila nilipojaribu kugeuza kichwa kidogo, mistari ilibaki imenyooka kama ya daftari, uso ukawa umebandikwa juu ya mpira kama stempu kwenye barua.

Jioni nikapita kwa muuza machungwa wa pale kona, nikachukua moja la Muheza, la kijani, nikamwambia asilimenye. Akanitazama. Nyumbani nikalikata ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia, nikalifuta maji, nikachora mistari yote kwa kalamu ya wino mzito. Nikalishika karibu na taa nikaanza kuligeuza taratibu. Hapo ndipo niliona. Chungwa likiinama, mstari wa nyusi unalegea katikati kama kamba ya kuanikia iliyobeba nguo mbichi. Likitazama juu, mstari uleule unapanda kama upinde. Na kile kidonda cha ubavuni, ambacho kwa pembeni ni duara safi, unavyoligeuza kuja mbele kinakuwa yai, kisha kinakuwa kama ukucha wa mwezi, kisha hakipo.

Nimelichora mara ishirini na nne. Halafu nikalila.

16 Januari

Vichwa themanini na tatu mpaka jana usiku. Vinageuka, vinainama, vimekaa shingoni. Tatizo ni kwamba vyote ni mtu mmoja: bwana wa Kimarekani mwenye taya la mraba, yule wa kukuuzia gari huku anatabasamu. Nikarudi kitabuni nikaona sababu. Karibu sura zote za Loomis ni za Wazungu wa enzi yake, na mimi nimekuwa nikinakili mpaka pua.

Nikaamua kupima watu wa huku. Picha za wateja sizigusi, sura ya mtu ni amana. Nilichukua zangu zilizoharibika na za mwenzangu wa kaunta, aliyekubali kwa sharti la soda. Rula mkononi. La kwanza: macho yako katikati ya kichwa, yaani katikati ya kichwa chote kuanzia utosini hadi kidevuni. Kwangu, kwake, na kwa yule bwana wa kitabuni, jibu ni moja, tofauti ni milimita. Miaka yote nimekuwa nikiyapandisha macho karibu na nywele kwa sababu paji la uso halina cha kuchora, kwa hiyo mkono ulikuwa unaliruka. La pili: kati ya jicho na jicho kuna nafasi ya jicho la tatu.

Tulipotofautiana sana ni kwenye vilima na mabonde: mfupa wa pua unanyanyuka kiasi gani pale kati ya macho, mabawa ya pua yanafika wapi, midomo inavyokuja mbele ukimtazama mtu kwa ubavu. Mwenzangu ana midomo ambayo kwa pembeni inapita ncha ya kidevu. Nikifuata mchoro wa kitabu ninaikata, na hapo sio yeye tena. Mpira ni wa watu wote. Kinachojengwa juu yake lazima uende kukitazama mwenyewe.

Halafu kuna suala la mtandio. Kitabu kinasema anzia kwenye nywele. Nywele zipi? Wanawake wengi wanaokaa kwenye kiti chetu wamejifunga, na nyumbani kwetu ndiyo kabisa. Nimepoteza siku mbili nikibahatisha mstari wa nywele chini ya kitambaa, mpaka nikaacha: napima nyusi hadi pua, nazidisha kwa kushuka, na kwa juu nafuata fuvu lenyewe. Sasa nimeanza kuupenda mtandio kuliko nywele. Nywele unaweza kuzikoroga ukaficha uongo. Kitambaa kinakaa juu ya utosi na kisogo, na kama kisogo hukukipa nafasi, kila mtu anaona kwamba kichwa kimekatwa nyuma kwa panga.

Kisogo, kwa kweli, ndio ugonjwa wangu mkubwa. Nachora uso, nasahau kwamba nyuma yake kuna nyumba.

28 Januari

Nimekwama siku kumi, na sababu ni fundi.

Mtaa wa pili kutoka kazini kuna fundi wa mabango. Saluni tatu za kiume za maeneo yetu, zile zenye vichwa ukutani na majina ya mitindo, ni mkono wake. Nilimpelekea kitabu akakipekua kwa kidole kimoja chenye rangi. "Bwana mdogo, kitabu kizima hiki kwa kichwa kimoja?" Yeye anapiga viboksi. Anachukua picha ya paspoti, anaichora viboksi vidogo, ukutani anachora viboksi vikubwa idadi ileile, kisha anahamisha kiboksi kimoja kimoja. Alinifanyia mbele ya macho yangu. Kabla ya adhuhuri mtu alikuwa ukutani, na mama yake angemjua.

Nikajaribu nyumbani kwa picha yangu mwenyewe. Ikafanana. Ikafanana kuliko vichwa vyangu vyote themanini na tatu. Nikakiweka kitabu juu ya kabati, nikasema basi.

Juzi nikarudi kwake kwa shughuli nyingine, mzaha tu nikamwambia, "Fundi, huyu wa ukutani mgeuze atazame barabarani."

"Niletee picha anayotazama barabarani."

"Na mikono?"

"Kinyozi ananyoa mikono?"

Kitabu kimeshuka kabatini. Lakini nimemwibia fundi kitu kimoja ambacho vitabu vyangu havikunikazia: kabla ya kuchora anafumba macho nusu, anatazama picha kwa kope zilizobaki na ufa mdogo tu. Kope na nywele moja moja zinapotea, yanabaki madoa ya giza na madoa ya mwanga. "Chora doa," anasema, "jicho litakuja lenyewe." Linakuja kweli.

11 Februari

Mikono. Nilipanga kuanza Machi, lakini nimechoka kuchora vichwa vinavyoelea.

Nilichogundua nikisoma habari zao ni kwamba vitabu vyangu viwili ni mwalimu na mwanafunzi. Bridgman, Mkanada, alifundisha umbo la mwili kwa miaka mingi pale Art Students League, shule ya sanaa ya New York, na kijana Loomis alipita darasani kwake. Hawachori mkono kwa namna moja hata kidogo. Bridgman anachora kama seremala: kiganja ni ubao, vidole ni vipande vilivyochongwa, kila kitu kina ubavu na kona, unaweza kugonga msumari. Loomis amepiga msasa. Nilidhani nitampenda Loomis zaidi kwa sababu ni nadhifu, kumbe kwa mikono unadhifu ndio unaoniangusha. Mkono wangu nadhifu ni kichane cha ndizi.

Basi seremala. Mkono una mifupa 27: minane midogo kwenye kifundo, mitano ya kiganja, kumi na minne ya vidole, kwa kuwa gumba lina miwili na vidole vingine vina mitatu mitatu. Sikuhesabu kwa ajili ya mtihani. Nilihesabu kwa sababu miaka yote nilikuwa nikichora kiganja kama sahani isiyo na kiungo, wakati ndani yake kuna mifupa mitano iliyotanuka kama njiti za feni, na ndiyo inayoamua kila kidole kielekee wapi. Ukifuata kidole kurudi nyuma, unaishia kifundoni.

Cha pili kilichonishangaza: kwenye vidole hakuna msuli wa kuvikunja. Misuli mikubwa iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, na kano ndizo zinazovuta, kama kamba za tanga. Shika kigasha chako cha kushoto kwa mkono wa kulia, halafu chezesha vidole vya kushoto. Unasikia misuli inavyofanya kazi huko mbali. Ndiyo maana kidole ni chembamba, mifupa iko karibu na ngozi, na mgongoni mwake ni kigumu huku tumboni ni laini kama mto. Nilikuwa natia unene pande zote. Ndizi.

Zoezi la wiki: hakuna vidole. Nachora mfuko tu, kama glavu ya kushikia sufuria ya moto: kiganja, gumba, na vidole vinne vyote kwa pamoja kama ubapa mmoja wenye mikunjo. Vidole navitenganisha mwisho, tena kama muda ukibaki.

Jambo moja la pembeni. Elimo Njau, mchoraji wa Kilimanjaro aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, anajulikana kwa kauli yake kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Rafiki yangu mmoja, aliyesomea sanaa, alinitumia kauli hiyo baada ya kuona kurasa zangu za Bridgman. Nilikasirika nusu siku. Sasa naona ana haki nusu: nikinakili mchoro wa Bridgman mara moja, kisha nikafunga kitabu na kuuchora mkono wangu umekaa vilevile, najua nini nilikielewa na nini nilikipaka tu. Bila hatua ya pili, ni kweli, tunalala wote.

23 Februari

Mikono mia na kumi na tano, yote ya kushoto.

Sikuliona hilo. Nachora kwa mkono wa kulia, kielelezo changu ni wa kushoto uliokaa mezani, bure, haulipwi, hauchoki. Jana nikajaribu kuweka mikono kwenye mtu mzima, mzee anakula wali. Bibi akaitazama muda mrefu, akasema, "Huyu hakufunzwa na mama yake?" Nilifikiri anasema sura. Ni mkono: mzee wa watu anakula kwa kushoto. Na nilipotazama vizuri, hata ule wa pili uliolala gotini ulikuwa wa kushoto. Mikono miwili ya kushoto.

Dawa ni kioo. Mkono wa kushoto ndani ya kioo ni wa kulia. Nimechukua kile cha kunyolea, nimekiegemeza kwenye jagi.

Gumba linahitaji aya yake. Nilikuwa nalichomeka ubavuni mwa kiganja kama tawi kwenye mti. Gumba linaanza chini kabisa, karibu na kifundo, na lile tonge la nyama upande wa kiganja ni sehemu ya gumba, linasogea nalo. Pia halitazami wanakotazama wenzake. Weka mkono mezani, kiganja chini, ulegeze: kucha nne zinatazama dari, ukucha wa gumba unatazama pembeni. Nikilichora gumba limetazama juu kama wenzake, mkono unakuwa na vidole vitano vya aina moja, na mtu anahisi ubaya kabla hajajua ni wa nini.

Na urefu: ukipima kwa mgongo wa mkono, kidole cha kati kuanzia kwenye konzi ni karibu nusu ya mkono wote. Ukigeuza kiganja, kidole kilekile kinaonekana kifupi, kwa sababu utando wa kati ya vidole unapanda juu zaidi ya konzi. Dakika arobaini nilibishana na rula kabla ya kuugeuza mkono na kuliona hilo.

6 Machi

Ramadhani. Saa ya kuchora imehamia kabla ya futari, jikoni, kwa sababu huko ndiko kuna mikono.

Bibi anakuna nazi kila siku. Amekalia mbuzi, kanga imebanwa magotini, sinia chini. Kizio kimoja mikononi, kinasukumwa kwenye meno, kinapindwa, kinarudi, kinasukumwa. Nilimwomba asimame dakika mbili tu. "Mie sikai kama picha, magharibi inaingia." Basi nikachora akiwa anakwenda. Nilivunjika moyo siku ya kwanza, kurasa tatu za mistari tu. Siku ya pili nikagundua kwamba mikono ya mtu anayefanya kazi inarudi. Kila baada ya msukumo mmoja inapita palepale, vidole vilevile, mkunjo uleule. Nikachagua mahali pamoja, pale kizio kinapokuwa juu kabla ya kushuka, na nikawa nachora kila kinapopita, kidogo kidogo, kama mtu anayesoma namba ya daladala.

Na hapo vitabu viwili vikakutana mbele yangu. Kizio ni nusu mpira. Vidole vya bibi vimeukumbatia huo mpira kwa nje, na kwa kuwa mpira naujua, nimeuchora mara ishirini na nne, naweza kuuchora kwanza, hata upande usioonekana, kisha nikapitisha vidole juu yake kama mistari ile ya kwenye chungwa. Kila kidole kikapata pa kukaa. Cha shahada kinapita karibu na ukingo, kidogo kimeshuka chini kuushikilia uzito, na konzi zote nne ziko kwenye upinde mmoja. Sikufikiria vidole. Nilifikiria nazi.

Ndio mkono wa kwanza tangu Januari ambao hauonekani kama unasubiri kuchorwa.

14 Machi

Nilimwonyesha bibi sura yake, ile niliyoichora kwa siku nne. Mpira sawa, mtandio sawa, kisogo kipo. Akaishika mbali na macho. "Mbona umenipaka unga? Mie sijafa."

Ana haki. Karatasi ni nyeupe, na vitabu vinafundisha kuiacha karatasi iwe ngozi, kisha kuweka kivuli. Ngozi ya bibi sio karatasi. Nikiongeza penseli uso mzima, kivuli kinakosa pa kuingia, kila kitu kinakuwa moshi. Ukimtazama kwenye mwanga wa mlango, uso wake unajengwa na mng'ao: juu ya mfupa wa shavu, ncha ya pua, paji karibu na mtandio, mdomo wa chini. Vidoa vichache vya mwanga mkali, na kati yake rangi moja tulivu. Kwa yule bwana wa kitabuni kazi kubwa inafanywa na kivuli. Kwa bibi inafanywa na mwanga.

Jibu limekuja kazini, kwa njia ya ajabu. Mama mmoja alileta picha ya kalenda ya zamani tumtilie laminesheni, ile mikono miwili inayosali ambayo umeiona kwenye nyumba nyingi za Wakristo. Nimeiona utotoni mwangu mara elfu na sijawahi kuitazama. Ni ya Albrecht Dürer, Mjerumani, ya mwaka 1508, na aliichora juu ya karatasi ya bluu: wino kwa giza, rangi nyeupe kwa mwanga, na bluu yenyewe ikabaki kuwa ngozi. Nilikaa nayo mpaka mama akauliza kama mashine imeharibika.

Karatasi ya bluu sina. Bahasha za kaki tunazo rafu nzima. Nimepasua moja, nimeilaza, penseli 6B na chaki nyeupe ya shule. Kaki ni ngozi, penseli ni giza, chaki ni mng'ao, na chaki unaitumia kwa ubahili, kama chumvi. Mara ya kwanza niliimwaga, bibi akawa amelowa mvua. Mara ya tatu akachukua karatasi, hakusema kitu, akaipeleka chumbani kwake. Sijaiona tena.

Kwa mikono kaki imenisaidia zaidi. Mgongo wa mkono wetu na kiganja ni rangi mbili, na mpaka wake unapita ubavuni mwa kila kidole. Nilikuwa nauchora mpaka huo kama kivuli, kwa hiyo kidole kilikuwa kinajipinda pasipo na mpindo. Mikono ya vitabuni haina jambo hilo, hakuna wa kukuonya. Sasa kiganja nakigusa chaki kidogo, laini, nimeipangusa kwa kidole, na chaki kali naiacha kwa konzi na kucha, ambazo kwa bibi, baada ya kukuna nazi, zinang'aa kwa mafuta.

2 Aprili

Idi imepita, nimekula, sikuchora siku tano. Mkono umekuwa mzito. Nimerudia mifuko ya Februari, kurasa mbili. Basi.

12 Aprili

Leo kaja mama na mtoto wa miezi mitatu, picha ya paspoti ya mtoto. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote pale kwetu. Mtoto hakai, shingo haijakaza, na kwenye picha haitakiwi aonekane mtu mwingine. Tunachofanya ni kumfunika mama kwa shuka jeupe, mtoto anakaa mapajani juu ya shuka, na mama anamshika kichwa kwa nyuma, mikono ikiwa chini ya kitambaa.

Shuka likateleza. Kwa sekunde mbili, labda tatu, nikaiona ile mikono: mmoja umebeba kisogo, vidole vimetanuka nyuma ya sikio, gumba limelala kwenye shavu bila kulibonyeza. Mwingine umeshika taya kwa chini, ncha za vidole tu. Kichwa chote kimejaa kwenye mikono miwili. Sikupiga. Nikarekebisha shuka, nikapiga picha aliyoilipia.

Nilipofika nyumbani sikula kwanza. Kichwa cha mtoto kina sheria yake: macho yako chini ya nusu, fuvu ni kubwa, uso mdogo umejibana chini, kidevu karibu hakuna. Loomis ana sehemu nzima ya watoto, na niliiruka Februari kwa sababu niliona haihusiki. Nikaisoma usiku huu nikiwa na njaa. Kisha bahasha ya kaki. Mpira kwanza. Mikono ya kumbukumbu nikaishika kwa kizio cha nazi mbele ya kioo, kushoto na kulia, ili nijue vidole vinaingiaje nyuma ya kitu kisichoonekana.

Saa saba usiku. Kimekaa.

13 Aprili

Mama amekuja kuchukua picha zake. Nilijishauri asubuhi nzima, mwisho nikamwambia, "Dada, samahani, jana shuka lilipoteleza niliona ulivyomshika mtoto. Nimekuchora mikono. Kama hupendi naichana hapahapa."

Akaitazama. Mtoto naye alikuwepo begani, amelala.

"Kaka, mbona hujanitia pete?"

Sikuiona pete. Akaninyooshea mkono juu ya kaunta, kidole cha pete, pete nyembamba ya fedha iliyojibana kwenye nyama kidogo. Nikachonga penseli kwa wembe nikaichora palepale, amesimama, foleni nyuma yake inaguna. Kijistari kilichopinda kufuata mzunguko wa kidole, na chaki nukta moja.

"Haya nitolee kopi."

Nikamtolea mbili, sikumtoza. Ya kwanza ilitoka nyeusi kupita kiasi kwa sababu mashine haiipendi kaki, ikabidi nipunguze wino. Ya asili nimebaki nayo kwa ruhusa yake, iko ukutani juu ya printa. Gumba la kushoto limeanzia juu mno, kama nusu sentimita. Bahasha ziko nyingine.